Kompyuta ya kadi mbili za grafiki: dalili, sababu, na kadi ya pili ya kununua

Wengi hununua kadi ya pili ya grafiki kwa hesabu moja: kadi hii inatoa fremu 50 kwa sekunde, basi mbili zitatoa 100. Hesabu hiyo ilikaribia ukweli kwa baadhi ya michezo baada ya NVIDIA kuleta SLI, njia ya kuunganisha kadi mbili, mwaka 2004 na ATI kufuata na CrossFire mwaka 2005. Kwa michezo ya leo haifanyi kazi tena, na matatizo mengi ya mashine zenye kadi mbili yanaanzia kwenye matumaini hayo.

Hapa tunaanza na dalili, kisha tunarudi kwenye sababu. Kama bado hujalipa, soma vilevile: ukijua kinachoharibika, utajua kadi ipi uiache mezani kwa muuzaji.

Kwanza, kadi ya pili itafanya kazi gani?

Kazi ni tatu, na kila moja inadai kadi ya aina yake.

Ya kwanza ni kadi mbili kuchora mchezo mmoja kwa kupokezana fremu. Hiyo ndiyo SLI na CrossFire. NVIDIA iliacha kutoa profaili mpya za SLI (mipangilio ya kila mchezo) kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake tangu tarehe 1 Januari 2021. Katika kizazi cha RTX 30 ni RTX 3090 na 3090 Ti peke yake zilizobaki na kiunganishi, na RTX 40 hazina kabisa. Kwa AMD, RX 5700 ya mwaka 2019 haikupewa CrossFire. Kazi hii inamfaa mtu ambaye tayari ana kadi moja ya zamani inayokubali kuunganishwa, anacheza michezo ya takriban 2010 hadi 2017, na amepata pacha wake kwa bei ya chini sana.

Ya pili ni kubuni fremu za katikati. Programu ya Lossless Scaling, inayouzwa kwenye Steam, inaruhusu kadi kuu kuchora mchezo huku kadi ya pili ikitengeneza fremu za kuziba nafasi na kuzipeleka kwenye skrini. Hapa kadi hazihitaji kufanana wala kutoka kampuni moja.

Ya tatu ni kurekodi au kurusha mchezo moja kwa moja, na kuendesha skrini ya ziada.

Kwa mnunuzi wa leo tunapendekeza kazi ya pili au ya tatu. Ukitaka nguvu tupu ya kuchora, uza kadi uliyonayo, ongeza pesa uliyotenga, ununue kadi moja kubwa zaidi. Utatumia umeme kidogo, joto litapungua, na michezo yote itaitumia.

Dalili: kadi ya pili haionekani kabisa

Feni zake zinazunguka, lakini kwenye Gestionnaire de périphériques (Device Manager; majina hapa ni ya Windows ya Kifaransa) kuna kadi moja tu. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ndani itoke, kisha toa kadi ya kwanza na uweke ya pili kwenye sloti ya juu ikiwa peke yake. Kama mashine haiwaki vizuri hata hapo, kadi ni mbovu au haipati umeme wake. Ikiwaka, kadi ni nzima, na tatizo liko kwenye sloti ya chini.

Sloti ya chini ina siri zake. Kwenye bodi mama nyingi inagawana njia za PCIe (njia za data za kadi) na sloti ya M.2 au na matundu ya SATA, kwa hiyo ukiweka SSD ya M.2, sloti inakufa bila ujumbe wowote. Kitabu cha bodi kinaeleza hilo katika jedwali la sloti. Kipakue kwa kutumia namba ya modeli iliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Ingia pia BIOS uone kama sloti imezimwa, na kama kuna chaguo la «Above 4G Decoding», liwashe.

Halafu angalia urefu wa sloti dhidi ya njia zilizomo. Sloti inaweza kuwa ndefu kama ya x16 huku ndani yake kuna njia nne tu. Bodi za chipseti ya B350 na B450 kwa kawaida hutoa PCIe 2.0 x4 kwenye sloti ndefu ya pili, na B550 hutoa 3.0 x4. Bodi za Z97, Z170, Z270, X370 na X470, nyingi kati yake, hugawa njia za prosesa kuwa x8 na x8. Mashine za kazi zilizotumika kama HP Z440 zina sloti mbili za x16 zinazotoka moja kwa moja kwenye prosesa, kwa sababu Xeon E5-1650 v3 ina njia 40. Kwa kadi mbili, mashine kama hiyo ni msingi mzuri kuliko kompyuta mpya ya ofisini yenye sloti moja.

Kuthibitisha, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, chagua kadi ya pili chini kushoto, soma mstari wa «Bus Interface». Ukiona «x16 3.0 @ x4 2.0», namba iliyo baada ya alama ya @ ndiyo unayoipata kweli. Endesha jaribio dogo la kuchora lililo pembeni ya mstari huo kabla ya kusoma, kwani kadi ikipumzika hushusha kasi ya basi na namba itakudanganya.

Dalili: zote mbili zinaonekana, lakini SLI au CrossFire haitokei

Mara nyingi jibu ni fupi: modeli hiyo haikubali. GTX 1050, 1050 Ti, 1060, 1650, 1660, RTX 2060 na RTX 2070 ya kawaida hazina SLI. GTX 1060 ndiyo inayowatega wengi, kwa kuwa ni maarufu na GTX 960 iliyoitangulia ilikuwa nayo. Zinazokubali ni kama GTX 970, 980, 1070, 1080, 1080 Ti, RTX 2070 Super na 2080.

SLI inadai chipu ileile na kiasi kilekile cha kumbukumbu. Kampuni iliyounda kadi inaweza kutofautiana, mfano ASUS na MSI. Inadai pia x8 kwa kila kadi na bodi iliyoidhinishwa. Bodi ikiwa na maandishi ya CrossFireX bila SLI, aghalabu sloti yake ya pili ni x4, na NVIDIA haitakubali.

CrossFire ni laini zaidi: inakubali x4, na inakubali ndugu wa familia moja, kama RX 570 na RX 580, au R9 290 na R9 290X. Kadi ya GB 4 ikiunganishwa na ya GB 8, zote zitahesabiwa kuwa na GB 4.

Kisha kuna daraja. Kadi za SLI zinahitaji daraja linalounganisha meno ya juu ya kadi, na urefu wake lazima ulingane na umbali wa sloti. Sloti hupishana kwa milimita 20.3, kwa hiyo kadi zilizo nafasi tatu mbali zinahitaji daraja la nafasi tatu, na gumu la nafasi mbili halitafika. RTX 20 zinatumia daraja la NVLink, ambalo ni tofauti kabisa na la GTX. R9 290, RX 480 na RX 580 hazihitaji daraja, lakini R9 280X inahitaji. Ukinunua kadi ya SLI Lubumbashi, dai daraja palepale, maana kulitafuta peke yake baadaye kunaweza kukugharimu muda kuliko kadi yenyewe.

Dalili: fremu haziongezeki, au mchezo unakwamakwama ingawa namba ni kubwa

Fungua Gestionnaire des tâches (Task Manager), kichupo cha Performances, uangalie kadi zote mbili wakati mchezo unaendelea. Kama ya pili imekaa kwenye 0 hadi 3%, mchezo hauijui. Hakuna la kufanya upande wa vifaa. Chini ya DirectX 12 na Vulkan, ni waundaji wa mchezo wanaopaswa kuandika wenyewe njia ya kutumia kadi mbili, na wachache sana waliiandika.

Kama zote ziko juu lakini picha inashtuka, sababu ni ile ya kupokezana. Kadi A inachora fremu ya kwanza, kadi B ya pili. Zikitoka milisekunde 8, kisha 25, kisha 8, kisha 25, wastani ni karibu fremu 60 kwa sekunde, lakini jicho linaona zile za 25, yaani mwendo wa fremu 40. Ndiyo maana usipime kwa wastani peke yake. Washa kipimo kinachoonyesha «1% low», yaani mwendo wa fremu zilizo polepole zaidi, kwenye MSI Afterburner, cheza sehemu ileile ya mchezo ukiwa na kadi moja, kisha na mbili. Kama wastani umepanda lakini 1% imeshuka, zima muunganiko kwa mchezo huo. Kufunga kikomo cha fremu, mfano 60 kwa skrini ya hertzi 60, hupunguza mshtuko huo kwa kiasi kinachoonekana.

Michezo mingi ya baada ya 2015 hulainisha kingo kwa kutumia taarifa za fremu iliyopita. Kwa mfumo wa kupokezana, fremu iliyopita iko kwenye kumbukumbu ya kadi nyingine, na kuihamisha kunakula faida yote. Katika mchezo unaoruhusu, zima TAA (ndiyo njia hiyo ya kulainisha) uchague FXAA au SMAA, kisha pima tena.

Na kumbukumbu hazijumlishwi. Kadi mbili za GB 4 zinabaki GB 4, kwa sababu kila moja inahifadhi nakala yake ya picha zote. Mchezo unaojaza GB 6 utakwama kwenye GTX 970 mbili sawasawa na unavyokwama kwenye moja. Anayetaka kadi ya pili kwa sababu ya «kumbukumbu imejaa» asiinunue.

Dalili: mashine inazima ghafla mchezo ukiwa mzito

Hii ndiyo dalili inayohitaji muda wako zaidi, hasa katika mji ambao umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, unaweza kushuka jioni, kila nyumba ikiwasha pasi na jiko kwa pamoja.

Tenganisha kwanza aina za kuzima. Mashine ikikatika kama waya umechomolewa, kisha ukikuta tukio namba 41 la Kernel-Power kwenye Observateur d'événements (Event Viewer), fikiria umeme. Picha ikiganda, skrini ikawa nyeusi, halafu ikarudi na ujumbe wa tukio 4101, hiyo ni draiva au kadi.

Kwa umeme, fanya hesabu kwa kalamu. GTX 1070 ni wati 150. Mbili ni 300. Core i7-6700K ni 91. Bodi mama, RAM, diski na feni, weka 50 hadi 60. Jumla ni kama 450. Kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache, na kwenye kadi mbili miruko hiyo inaweza kukutana, kwa hiyo pawasaplai ya mashine hii iwe ya wati 650 halisi. Kwa RX 580 mbili, wati 185 kila moja, anzia 750.

Neno «halisi» lina uzito. Soma kibandiko cha pembeni, safu ya +12V. Zidisha ampea kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa 650 W kwa herufi kubwa huku +12V yake ni ampea 30 inakupa wati 360 tu pale kadi na prosesa zinapokula. Ile ya wati 650 ya kweli huwa na ampea 50 au zaidi kwenye +12V. Angalia pia uzito mkononi na mstari wa «Input»: iliyoandikwa 100–240V itavumilia umeme kushuka, ila iliyoandikwa 200–240V itakata mapema.

Nyaya ndizo zinazoungua. Sloti yenyewe hutoa wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. Adapta ya kugeuza plagi ya SATA kuwa pini 6 ni hatari: plagi ya SATA imepangiwa ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54, na unaidai 75. Plastiki hulainika, hugeuka rangi ya kahawia, harufu ikufikie puani kabla ya moshi. Pawasaplai isiyo na plagi za kutosha za kadi inakuambia haikutengenezwa kwa kadi mbili. Ikiwa nazo, tumia waya tofauti kwa kila kadi, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kulisha kadi mbili.

Sasa ukuta. Wati 450 ndani ya mashine, kwa ufanisi wa 85%, ni wati 530 ukutani. Kwenye volti 220 hizo ni ampea 2.4. Volti zikishuka hadi 170, pawasaplai inavuta ampea 3.1 ili ipate nguvu ileile, na waya mwembamba wa kurefushia umeme, ambao pia unabeba skrini, spika na chaja, unapata moto. Pima kwa multimita kwenye tundu lilelile wakati mchezo unaendelea. Kupima mashine ikiwa imezimwa hakutakuonyesha kitu.

Stabilizateri ya VA 1000 haitoshi kwa mashine hii ikiwa na skrini na redio juu yake. Chukua ya VA 2000 na usiipakie zaidi ya theluthi mbili. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390. Siku ya delestaji (mgao wa umeme) katikati ya mchezo, itazidiwa na kukata mara moja, na mtu atalaumu kadi. Kwa kadi mbili nenda kwenye VA 1500 yenye wati 900, ya wimbi safi la sine, kwa sababu baadhi ya pawasaplai nzuri hukataa wimbi la ngazi ngazi na kuzima zenyewe. Umeme ukikatika, chomoa mashine. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke.

Kama huwezi kubadili pawasaplai leo, fungua MSI Afterburner, shusha «Power Limit» ya kila kadi hadi 75%. Mashine ikiacha kuzima, umepata sababu bila kununua chochote, na fremu zitapungua kidogo tu kulinganisha na wati ulizookoa.

Kitu kimoja zaidi: ukigusa kasha na kuhisi umeme ukitekenya vidole, tundu lako halina waya wa ardhi. Usichomeke wala kuchomoa HDMI mashine ikiwa imewashwa katika hali hiyo, kwani unaweza kuua tundu la kadi. Mwite fundi umeme aweke ardhi.

Dalili: kadi ya juu inachemka, ya chini iko baridi

Kadi ya juu inavuta hewa kutoka kwenye mgongo wa moto wa kadi ya chini. Ikiwa kadi ina unene wa sloti mbili na sloti ziko nafasi mbili mbali, hakuna hata kidole cha hewa kati yake. Nafasi tatu zinakupa karibu milimita 20, na zinatosha kama kasha lina feni mbili mbele zinazoingiza na moja nyuma inayotoa.

Kadi za GTX 10 kwa kawaida huanza kujipunguzia kasi zikifika nyuzi 83. Ukiona ya juu iko 83 na kasi yake imeshuka, huku ya chini iko 68, faida ya kadi mbili inaliwa na joto. Kwa sloti zilizobanana, chagua kadi ya pili yenye feni moja ya tyubu inayosukuma hewa moto nje kupitia nyuma ya kasha. Ina kelele, lakini haimwagi joto ndani kama zile za feni mbili au tatu za wazi.

Wakati wa kiangazi cha Lubumbashi, Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huingia kila mahali, na Septemba na Oktoba joto linapanda kabla ya mvua. Weka kitambaa chembamba cha kuchuja mbele ya feni za kuingiza, kioshe kila wiki mbili, na upulize mapezi ya kadi kila mwezi huku umeshika feni zisizunguke. Kadi iliyotumika miaka mitano au zaidi ibadilishiwe pesti ya joto kabla hujailaumu.

Dalili: Lossless Scaling inashusha fremu badala ya kuziongeza

Kagua waya wa skrini kwanza. Skrini lazima ichomekwe kwenye kadi ya pili, ile inayobuni fremu. Ikiwa kwenye kadi kuu, kila fremu inakwenda kwenye kadi ya pili na kurudi, na njia zinajaa. Kisha kwenye Windows 11 ya Kifaransa fungua Paramètres, Système, Affichage, Graphiques, uchague kadi kuu kwa ajili ya mchezo huo. Ndani ya Lossless Scaling chagua kadi ya pili kama kadi ya kazi. Wengi wanasahau hatua ya kati, mchezo unachorwa na kadi ndogo, na fremu zinaanguka.

Kama hayo yako sawa, rudi kwenye njia za PCIe. Fremu moja ya 1920 × 1080 ni pikseli milioni 2.07 kwa baiti 4, yaani MB 8.3. Fremu 60 kwa sekunde ni karibu MB 500. PCIe 3.0 x4 hubeba kama GB 3.9 kwa sekunde, 2.0 x4 kama GB 2, na x1 ya 2.0 ni MB 500 tu, inayojaa palepale. Kwa hiyo B450 yenye 2.0 x4 inatosha kwa 1080p, ila kwa 4K, ambapo kila fremu ni kubwa mara nne, inabana.

Uchaguzi wa kadi kwa kazi hii: kadi za AMD kuanzia Vega hufanya hesabu za FP16 (namba za biti 16) mara mbili ya kasi ya kawaida, na programu hii hufaidika nazo, huku GTX 10 zikiwa dhaifu mno kwenye FP16. RX 6400 ya wati 53 haihitaji plagi ya ziada na inafaa kwa 1080p. Lakini usiinunue kwa kurekodi: RX 6400 na RX 6500 XT hazina kisimbaji cha video. GT 1030 nayo haina NVENC, kisimbaji cha NVIDIA, ingawa wauzaji huisifu kwa «kazi ndogo ndogo». Kwa kurekodi, GTX 1050 Ti au GTX 1650 za wati 75 ni chaguo la busara, na nyingi hazihitaji plagi.

Dalili: code 43 (Windows imeizima kadi), skrini nyeusi, au draiva inaanguka kila mara

Sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo zikaingia sokoni. Kufanya kazi mfululizo hakuziui zote, lakini BIOS nyingi za RX 470 hadi 580 zilibadilishwa, na draiva ya AMD huzikataa. Kama kadi ina swichi ndogo ya BIOS pembeni, jaribu upande wa pili. Vinginevyo inabidi irudishiwe BIOS ya kiwandani ya modeli ileile.

P106-100 ni GTX 1060 isiyo na tundu la skrini. Bei yake inavutia, lakini skrini huwezi kuichomeka, kwa hiyo kwa Lossless Scaling haifai.

Kuhusu draiva: kadi mbili za NVIDIA hutumia draiva moja, kwa hiyo lazima iwepo inayozijua zote mbili. Tawi la 470 lilikuwa la mwisho kwa GTX 780 na ndugu zake wa Kepler, wala halijui RTX 40. Tawi la 580 ni la mwisho kwa GTX 900 na GTX 10. AMD ilisimamisha draiva mpya za HD 7000, R9 200 na R9 300 Juni 2021. Kuchanganya NVIDIA moja na AMD moja kwenye Windows 10 au 11 kunakubalika, na mara nyingi kuna amani kuliko kuchanganya vizazi viwili vya mbali vya kampuni moja.

Kusafisha: pakua draiva kwanza, ni zaidi ya MB 600, hivyo hakikisha bando linatosha. Kata intaneti ili Windows isiweke yake. Ingia mode sans échec (hali salama ya Windows), endesha DDU, programu ya kufuta draiva, kwa NVIDIA, kisha kwa AMD, washa upya, sakinisha draiva ya kadi kuu kabla ya ile ya pili, na ndipo urudishe intaneti.

Ukiwa dukani, kabla ya kutoa dola

Beba flashi yenye GPU-Z na programu moja ya kuipasha kadi moto. GPU-Z ikiandika [FAKE] mbele ya jina, rudisha kadi. Kuna GTX 550 Ti nyingi zilizobadilishwa jina kuwa GTX 1050 Ti. Hata kabla ya kuiwasha, GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA ni ya kushuku, kwa sababu chipu za Pascal (za GTX 10) hazitoi ishara ya VGA zenyewe. Kwa RX 580, soma mstari wa «Shaders»: 2304 ndiyo kamili, 2048 ni toleo dogo lenye nguvu ya RX 570, na bei iwe ya RX 570.

Ipashe kwa dakika 20 huku ukitazama joto, kasi na skrini. Vidoti vya rangi vinavyopepea vikitokea baada ya kadi kupata moto ni kumbukumbu mbovu, na muuzaji aliyeiwasha dakika mbili tu hakuviona. Tazama meno ya dhahabu ya kadi, skrubu zilizochubuka, na matundu ya umeme yaliyogeuka kahawia. Pima urefu wake kwa futi na uulinganishe na nafasi iliyo ndani ya kasha lako, ukihesabu pia waya wa plagi unaotokeza. Mwisho, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya mfululizo ya kadi na siku za kuirudisha, na umweleze tangu mwanzo kwamba itakaa kwenye sloti ya pili ya bodi fulani. Kadi ikikataa hapo nyumbani, mtaanza mazungumzo mkiwa mmesoma namba moja.